Mrututu wa Elifuraha

Levolosi, Arusha
Jumamosi, 14 Juni

Kaka yangu Saruni,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua mmeamkaje huko Babati, wewe na shemeji Nashipae. Kifua kimepoa? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu kikohozi ambacho sikukipenda. Kama bado kipo, usikae nacho nyumbani ukinywa tangawizi, nenda kapimwe. Huku sisi tuna uzima. Yeyo, mama yetu, yuko Sambasha, analalamikia magoti na mbwa wa jirani, na akilalamikia vyote viwili kwa siku moja mimi huhesabu kwamba afya yake ni nzuri. Maharage yamekubali. Mahindi ya shamba la juu yalilazwa na upepo, lakini tutapata kitu. Baridi imeingia, mlima hatujauona wiki nzima.

Najua utashangaa kupata bahasha wakati tunaongea kila Jumapili. Lakini simu yako unaiweka kwenye spika, na sebule yenu haikosi mgeni. Habari hii isome peke yako kwanza. Ukimaliza utaamua nani mwingine aisome.

Mwisho wake unaujua, kwa sababu uliusoma gazetini ukanipigia kunishukuru. Mwanzo wake na katikati yake huvijui. Nitaandika kwa mpangilio, kwa tarehe zilizomo kwenye daftari langu. Unisamehe kwa maneno nitakayoyataja. Si kawaida mtu kumwandikia mkubwa wake mambo ya mwili namna hii, lakini nikiyazunguka hutaelewa kilichotokea.

Tarehe 8 Machi tulimzika shangazi. Wewe hukuweza kuja, na mimi ndiye niliyepangiwa kusoma wasifu wa marehemu. Nilikuwa kwenye choo cha bati nyuma ya nyumba niliposikia jina langu kwenye kipaza sauti. Nikavuta zipu kwa haraka. Ni zipu ya chuma, ya suti ile ya kahawia. Ikabana ngozi ya uume, upande wa chini. Badala ya kutulia nikaivuta kwa nguvu, ikaachia, ikaacha mchubuko wenye urefu wa punje ya mchele. Damu ilikuwa matone manne au matano. Nilisimama mbele ya waombolezaji nikasoma wasifu wote, pamoja na majina ya wajukuu kumi na tisa, na hakuna aliyejua kitu.

Lingeishia hapo kama ningenawa kwa maji safi nikaacha. Jumatatu nilikuwa Ngaramtoni kwa kazi, nikapita dukani kwa Elifuraha. Hili ndilo kosa langu la kwanza. Unamkumbuka: rika langu, jirani yetu wa bondeni, mwimba besi wa kanisani, sasa ana duka la dawa za mifugo na pembejeo. Sheria ya rika unaijua kuliko mimi. Mwenzako akikuambia shida ya mwili wake, haiendi kwa wanawake, haiendi kwa vijana, haiendi popote. Kwa hiyo nilisubiri wateja watoke, nikamwambia.

Alicheka kidogo, akaniuliza kama uzeeni nimeanza kuvaa suruali za kubana. Kisha akawa mtu wa msaada. Akaniuliza ng'ombe wa marehemu baba walikuwa wanapona kwato kwa dawa gani. Nikasema mrututu. Akasema basi, kama unaponya kwato utashindwaje na kingozi. Akainama chini ya meza akatoa kichupa, vile vya dawa ya macho, kimejaa maji ya bluu, hakina karatasi wala jina. Ni mrututu ule ule tunaopulizia kahawa, ameuyeyusha kwenye spiriti. Akaniagiza nipake asubuhi na jioni, na nikisikia moto nisiogope, moto ndio dawa yenyewe inavyofanya kazi.

Nilipaka siku mbili. Mimi, Saruni, ambaye kwa miaka ishirini na minane nimewauliza mawaziri wamejuaje wanachokisema, sikumuuliza mwuza dawa za mbuzi amejuaje. Siku ya tatu mchubuko wa punje ya mchele ulikuwa kidonda cha ukubwa wa sarafu ya mia mbili, kina ukingo mweupe na malengelenge, na kila kitu kingine kimevimba na ni cha bluu. Nikatembea miguu upande upande mpaka zahanati ya hapa mtaani.

Tabibu pale anaitwa Abdiel, mzee Mmeru wa Akheri, mkavu, hatabasamu. Alikitazama kidonda kama fundi anavyotazama injini. Akauliza nimepaka nini. Nilipomwambia alivua miwani. Akasema mwaka huu mimi ni wa tatu kwake mwenye rangi hiyo, na wote tulitokea njia moja ya Ngaramtoni.

Aliyoniambia niliyaandika palepale, nami nayaweka hapa kwa sababu yanafaa yajulikane na wanaume wote wa ukoo wetu. Zipu ikibana, usiivute. Paka mafuta, au kata kipande cha chini cha zipu kwa koleo, meno yataachana yenyewe; ikigoma, nenda ukasaidiwe. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Isiposimama, au kama umekatika kwa kina, hiyo si ya nyumbani tena. Osha kwa maji safi ya vuguvugu, kausha kwa kugusa, usisugue. Paka mafuta mepesi ya mgando yasiyo na manukato, funika kwa shashi isiyonata, vaa nguo ya ndani ya pamba isiyobana. Spiriti hapana, chumvi hapana, majivu hapana, poda hapana, dawa ya ng'ombe hapana. Usikutane na mwanamke mpaka ngozi ifunge kabisa. Mchubuko mdogo hupona kwa wiki moja au mbili, kwa sababu ngozi ya pale ina damu nyingi na hupenda kupona yenyewe ikiachwa. Ukiona usaha, uvimbe unaoongezeka, homa, au mkojo unakataa kutoka, usingoje kesho. Na kidonda kilichokuja chenyewe bila kuumia, hicho ni habari nyingine, kapimwe. Alinichoma sindano ya pepopunda, akapima sukari, akapima na magonjwa yote ya zinaa, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Sikuwa na lolote. Akanifunga, akanirudisha kila baada ya siku mbili. Nilipona siku ya kumi na tisa. Akasema bila mrututu ningepona siku ya saba.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikiendelea Ngaramtoni.

Jumapili ya tarehe 23 Machi matangazo ya ndoa yangu na Ndeshi yalisomwa mara ya kwanza kanisani. Wiki ile ile, siku ya soko, Elifuraha alikaa kwenye kibanda cha nyama choma pamoja na watu wa kila namna, wakiwemo vijana wa kupakua mizigo, akawasimulia. Hakusema zipu. Alisema Ezra wa gazeti amerudi na zawadi ya mjini. Alisema mwandishi wa habari sasa amekuwa habari. Alisimama akaonyesha ninavyotembea, miguu mbali mbali, akaniita dume lililohasiwa juzi. Vijana walicheka hadi mmoja akamwaga supu. Kesho yake nilipita sokoni, na muuza viazi ambaye simjui aliniuliza kwa upole kama nahitaji kiti.

Ndani ya siku nne ilifika Njiro, kwa kaka zake Ndeshi. Wale watu unawajua, Wachaga wa utaratibu, geti limefungwa na kila jambo lina kikao. Waliniita. Kaka mkubwa aliniuliza, kwa heshima sana na akitazama kikombe chake, kama kuna jambo la afya ambalo familia inapaswa kulijua. Wanawake walikuwa chumba cha pili na mlango haukufungwa. Ningeweza kutoa karatasi ya Abdiel, ilikuwa mfukoni. Lakini kutoa karatasi ni kukubali kwamba swali lilikuwa halali. Nikasema sina la kusema. Jumapili iliyofuata mchungaji hakusoma jina langu. Alisoma ya wengine wawili, akapita, na washarika waligeuza vichwa kunitafuta niliko. Ndeshi alikuwa benchi la tatu. Hakugeuka.

Nina miaka hamsini na mitatu. Tangu mke wangu, mama Naishorua, afariki nimekula peke yangu miaka saba. Nilikaa kwenye benchi lile mpaka kanisa likawa tupu, nikaamua kwamba Elifuraha atasimama mahali watu wanapomtazama, naye atajulikana kwa rangi ya bluu mpaka siku ya kuzikwa. Sikukasirika kwa kelele. Nilifanya ninachojua kufanya. Nilinunua daftari jipya.

Mkabala na duka lake, ng'ambo ya barabara, kuna mgahawa wa mama mmoja anaitwa Nice. Nikawa nakaa pale kila siku ya soko, meza ya nyuma ya dirisha, chai ya maziwa na chapati. Nilijifunza kuwatambua. Mwanamume anayetafuta dawa ya kuku huingia akisema. Anayetafuta kichupa huingia kimya, husoma mabango ya chanjo mpaka akina mama watoke, huongea akiwa ameinamia meza, hutoka mkono ukiwa mfukoni. Nilimfuata mmoja mmoja mpaka njiani mbali na watu, nikamweleza kwanza lililonipata mimi, kwa uwazi kama ninavyokueleza wewe. Ndipo naye alipoeleza. Nikampa maelekezo ya Abdiel, nikamtaka asipake tena. Mmoja alijikata na wembe akijinyoa. Mmoja alichubuliwa na pikipiki kwa safari ya mbali. Mmoja, mzee wa kanisa, aliumia siku za kwanza za ndoa ya pili, akaona aibu kumweleza mke. Kufikia mwisho wa Aprili nilikuwa na sita, na mmoja kati yao alikuwa ametumia kichupa kizima. Nilikuwa na kichupa nilichonunuliwa na mtu, na majibu ya mkemia kwamba ni mrututu mkali wa kuunguza.

Hakuna hata mmoja aliyekubali jina lake litoke. Mhariri wangu alisema sita bila majina wanatosha, kwa kuwa majibu ya maabara yapo na Abdiel amekubali kutajwa. Alitaka habari iende wiki ya kwanza ya Mei. Mimi nilikataa. Nilijua Elifuraha atakavyosema: hao sita ni nani, ni wivu wa Ezra. Nilitaka mtu mwenye jina na sura.

Tarehe 26 Aprili, Jumamosi, Yiamat alikuja bomani kwetu Sambasha. Ndiye laigwanani, kiongozi wa rika letu, na unajua hatembei bure. Alikuja na Elifuraha na kondoo dume mwenye mafuta. Habari za kibandani zilikuwa zimemfikia, akamweka Elifuraha chini akamhoji. Elifuraha alikuwa tayari kukiri mbele ya rika kwamba alivunja siri na kwamba alisema uongo. Angekwenda mwenyewe Njiro kwa kaka zake Ndeshi. Yiamat alikuwa amemwagiza pia vichupa vyote vimwagwe siku hiyo hiyo tukishakula kondoo, maana alikuwa amesikia manung'uniko. Elifuraha alisimama ameshika kamba, macho chini. Aliniita kwa jina la ujana wetu, akasema ulimi ulimponyoka kwa sababu ya pombe na kutaka kuchekesha watu.

Nilisema nitafikiri, warudi baada ya mwezi. Yiamat akasema kondoo wa suluhu hafikiriwi mwezi mmoja. Nikasema huyu atafikiriwa. Ikabidi Elifuraha amrudishe kondoo nyumbani kwa miguu, akipita mbele ya kila geti, na watoto wakiuliza kwa sauti kwa nini kondoo amekataliwa. Nilisimama nikamtazama mpaka kona. Sitakudanganya, nilifurahi kama mtu aliyekula akashiba. Na bila suluhu, vichupa vilibaki chini ya meza.

Mengine uliyasoma. Lesian mwanao alipata jeraha dogo, alijikata na wembe. Alipaka mrututu, na kwa kuwa ni kijana na alikuwa na safari ya watalii ya siku tatu, alipaka kila alipopumzisha gari ili apone haraka. Tarehe 11 Mei alinipigia akiwa na homa, mkojo unatoka kwa matone. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nikalala kwenye kiti cha wodini. Siku kumi na moja. Daktari alisema amewahi kwa saa chache. Kovu limebaki na linavuta ngozi; mwezi wa nane atafanyiwa upasuaji mdogo wa kulilegeza. Atakuwa na watoto, hilo daktari amelisema wazi. Lesian ndiye aliyekubali kutajwa. Alisema, na ndivyo nilivyoandika, kwamba aibu yake si kubwa kuliko ya aliyemuuzia.

Habari ilitoka tarehe 29 Mei. Kesho yake wakaguzi wa dawa walikuja na polisi. Nilikwenda mapema. Nilinunua hindi la kuchoma nikasimama mahali ambapo Elifuraha angeniona kila akiinua macho, nikala punje baada ya punje wakati wanatoa makasha. Vilihesabiwa vichupa mia moja na arobaini. Wale wale vijana wa kibandani walikuwepo. Mmoja akaanza kutembea miguu mbali mbali, wengine wakamfuata, mstari mzima, wakizunguka gari la polisi. Elifuraha aliwaona. Walipofunga mlango kwa kufuli na karatasi ya serikali, mke wake alikuwa amesimama barabarani ameshika ndoo ya pumba. Kwaya imemwondoa. Kesi itatajwa Julai. Watoto wa shule wanamwita Bluu.

Siku hiyo ndiyo uliyonipigia. Ulisema Mungu amenitumia kumwokoa mwanao na kumwangusha adui. Ulisema utaleta mtamba siku ya harusi, na kwamba wewe mwenyewe utasimama mahali pa baba kunisemea. Shemeji Nashipae alilia kwenye spika. Nikasema ahsanteni.

Ambacho hakikutoka gazetini ni hiki. Wakati polisi wanampandisha garini, Elifuraha alipita karibu yangu. Hakutukana. Alisema taratibu kwamba wiki zote zile alikuwa ananiona pale kwa mama Nice. Akasema, wewe ulikuwa unawaona wote wakiingia, Ezra. Wote.

Siandiki kwa kumwogopa. Hana ushahidi, na nani angemsikiliza. Naandika kwa sababu anachosema ni kweli, na gazeti likikosea hutoa masahihisho.

Alhamisi ya tarehe 8 Mei nilikuwa mezani kwangu. Saa nne na dakika arobaini Lesian alisimamisha gari la kampuni kando ya barabara, akashuka akitembea kwa uangalifu. Nilimtambua kabla hajafunga mlango. Aliingia dukani. Akasoma mabango ya chanjo. Kulikuwa na akina mama wawili wananunua chakula cha kuku, na mmoja alikuwa anahesabu chenji ovyo, akikosea na kuanza upya. Alisubiri dakika sita. Barabara ile ina hatua kumi na mbili, nimezipima baadaye. Ningeweza kuvuka. Ningeweza kuita tu. Ananiita baba mdogo, angegeuka mara moja, tungecheka, ningempeleka kwa Abdiel naye angepona ndani ya wiki.

Nilifikiri hivi, na nakumbuka neno kwa neno: huyu atakubali kutajwa. Nikafungua daftari nikaandika "wa saba" na saa. Nilipoinua macho alikuwa anatoka, mkono mfukoni.

Nilipanga kumpigia jioni hiyo, akiwa ameshapaka mara moja au mbili, apate kidonda cha kutosha habari na kisichozidi hapo. Nilipopiga alikuwa porini, hapatikani. Nikapiga kesho yake mara tatu. Hilo nalitaja kwa ukamilifu, si kwa kujitetea. Wale sita niliwazuia wasipake tena. Wa kwetu ndiye niliyemwacha apake.

Kuhusu Elifuraha sitabadili kitu. Aliuza sumu miaka minne, akavunja siri ya rika, akanifanya nikae kanisani kama mwizi. Ningemfungia duka tena kesho, na hindi ningelinunua tena. Lakini kama ningepokea kondoo tarehe 26 Aprili, vichupa vingemwagwa siku kumi na mbili kabla Lesian hajasimamisha gari. Na kama ningevuka barabara, ningemkosa shahidi na ungekuwa na mwana mzima. Nilikuwa na nafasi mbili. Zote mbili nilichagua aibu ya Elifuraha.

Tangu atoke hospitali Lesian anakaa kwangu. Kila asubuhi namsaidia kubadili shashi, kwa sababu mimi najua namna ya kuilowesha isivute ngozi. Huwa anapiga domo wakati huo ili tusione haya. Ananiita daktari wa magazeti, anasema mikono yangu ni mizito kuliko ya muuguzi. Jumatano hii nilimwambia yote niliyokuandikia, kwa mpangilio huu huu. Akanyoosha mkono akaniomba shashi, akasema tangu leo atajifunga mwenyewe. Aliniambia nikuandikie mimi, asikusimulie yeye. Bado analala chumba kile. Salamu za asubuhi ananipa.

Ndeshi alirudi baada ya habari kutoka. Kaka zake waliniomba radhi kwa kikao, na mchungaji alianza matangazo upya. Alhamisi nilimweleza na yeye. Hakulia wala hakunifukuza. Alisema mume anayeweza kumtazama mtoto wa kaka yake kupitia dirisha anahitaji kusemewa na huyo kaka, na kwamba yeye atafuata utakalosema wewe, si nitakalosema mimi.

Kwa hiyo mtamba mwache kwanza huko huko Babati. Matangazo ya tatu yatasomwa Jumapili ya tarehe 22 Juni, ibada ya kwanza, saa moja. Mchungaji atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Wewe ndiye uliyekaa mahali pa baba. Ukitaka kusimama, benchi la mbele upande wa kulia litakuwa wazi. Nimemwomba mzee wa zamu aliache. Ukisimama sitajitetea. Ukikaa kimya nitajua umekaa kimya ukiwa unajua.

Msalimie shemeji Nashipae, kama bado salamu zangu zinapokelewa. Yeyo anakusalimu, anasema ukija umletee ulezi wa Babati na uache kuvuta. Majirani wa Sambasha wote wanakuulizia. Funika kifua, baridi ya mwaka huu ni ya kweli. Bahasha hii nimeifunga kwa gundi na kuipeleka mwenyewe kwenye basi la asubuhi, dereva ataikabidhi mkononi mwako.

Ni mimi mdogo wako,

Ezra